Kizuka Aliyeshangilia Mpira

Bi Thuraya, mshauri wa ukurasa huu,

Shikamoo ikiwa wewe ni mkubwa wangu, na ikiwa ni mdogo basi nipokee salamu tu, maana picha yako hawaitoi na mimi naijua kalamu yako peke yake, ile inayowachapa watu bakora kisha ikawapaka mafuta. Naomba na mimi unichape kama nastahiki, lakini unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu jambo langu mtu akilisikia nusu atacheka, na sijaandika barua hii nipate kuchekwa. Majina yote nimeyabadilisha isipokuwa la marehemu mume wangu, hilo mkono umekataa kulibadilisha.

Mimi ni mwanamke wa Ibra, hapa Oman, mzaliwa wa Unguja, nililetwa huku ningali mtoto wa skuli, nikaolewa na Humaid, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa mhandisi wa maji, na baridi hii iliyopita amefariki kwa moyo, ghafla, akiwa shambani anazibua mfereji. Kwa hiyo sasa niko eda, ni kizuka, mwezi wa tatu huu. Ramadhani imenikuta ndani, Idi imenikuta ndani, bila ya hina wala udi wala wanja, na sikunung'unika hata siku moja kwa sababu sikuwa na hamu ya hata kujitazama kwenye kioo.

Sasa nakuja kwenye mpira, na tafadhali usiifunge barua. Serikali ilimpeleka Humaid Marekani kusoma, ndio kwanza tumeoana, tukakaa miaka minne katika mji mmoja wa pwani ya magharibi, mji wa mvua, sina mtu, sina lugha, mume anatoka asubuhi anarudi magharibi, na jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mzee mjane ambaye kila jioni akiweka redio uani akisikiliza besiboli, na akiona tunachungulia akatuita tukakae naye, basi ndivyo tulivyouingia mchezo ule, na mimi niliufahamu kabla ya Humaid, kwa sababu skuli Unguja tulikuwa na mchezo wa kupiga mpira kwa kibao na kukimbia kuzunguka vigingi, na huu ni ule ule, wamezidisha sheria tu. Humaid na uhandisi wake wote mimi ndiye niliyemsomesha, na alikuwa akikiri mbele za watu.

Tuliporudi Oman, wenzetu walirudi na vyombo na mazulia, sisi tukarudi na timu. Jina lake sikutajii, lisije likanijulisha kwa watu. Miaka mingi tulikuwa hatuioni, tunapata matokeo yamekwisha kuchacha, halafu ikaja intaneti na tukapata neema ambayo hatukuitarajia, kwamba kule wanapocheza usiku huku kwetu ni alfajiri, kwa hiyo tukisali tukimaliza, chai iko tayari, vitumbua viko moto, na timu yetu ndio inaingia uwanjani. Watu wa Ibra wanajua kandanda, wanajua mbio za ngamia, wanajua kriketi ya Wahindi wa madukani, lakini besiboli hapa mjini ilikuwa na mashabiki wawili tu, mimi na Humaid, na nikikwambia kwamba yule hakuwa mume wangu tu alikuwa ndiye mtu pekee katika mji huu ninayeweza kumwambia "jana tumeonewa" akajua nasema nini, utanifahamu.

Bi Thuraya, sijui kama wewe ni shabiki wa kitu chochote. Mwanzo wa msimu una hali yake. Timu iliyofedheheka mwaka jana inasimama sawasawa na iliyochukua kombe, wote wana sifuri, fulana zimepigwa pasi, majani yamekatwa, na wewe uliyeapa mwaka jana kwamba basi, hawa hawakuoni tena, unakaa mbele ya tivii moyo unadunda kama bibi harusi, unajua kabisa kwamba ikifika mwezi wa nane watu hawa watakuliza, na bado moyo unakwambia mwaka huu, mwaka huu. Timu yetu haijachukua kombe kubwa tangu tuijue. Humaid siku ya kwanza ya msimu alikuwa akivaa dishdasha mpya kama ya Idi, na badala ya kofia yake ya mkono anavaa chepeo ya timu iliyochujuka, na kabla mpira wa kwanza haujarushwa lazima tusamehe, ndivyo alivyoweka yeye, kila mmoja wetu amtaje mchezaji mmoja aliyemuudhi mwaka uliopita na aseme kwa ulimi wake, "Nimekusamehe," kwa sababu, anasema, huwezi kuingia msimu mpya na kinyongo cha zamani, Mungu hatakupa kombe. Nilikuwa nikicheka mpaka machozi.

Mwaka jana, msimu unakaribia kumalizika, kuna kijana wetu mmoja mrefu aliachia mpira ambao mtoto wa chekechea angeudaka, tukatolewa. Humaid hakunywa chai siku ile. Akasema, "Huyu simsamehe, si duniani si akhera." Nikamwambia utamsamehe tu mwakani, ndiyo kawaida yako. Mwakani hakufika.

Sasa Ijumaa ile msimu ulipoanza mimi sikuwa na nia ya kutazama, naapa. Binti yangu Maram, mwalimu, anafundisha Sur, huja mwisho wa wiki kukaa na mimi, na wifi yangu Hamda, dada wa marehemu, amehama kwake Nizwa tangu siku ya maziko akaja kukaa na mimi, ananipikia, ananisomea, usiku analala chini, ubavuni mwa kitanda changu, kama mlinzi. Tumemaliza kusali, Hamda ameingia chumbani na msahafu wake, Maram akanijia.

"Mama, leo ile mpira yako inaanza. Nikuwekee?"

"Usiniwekee. Mimi kizuka."

"Kizuka si maiti, mama. Ya'ni utakaa tu unatazama ukuta? Mimi naiweka. Ukitaka utazame, hutaki, bas."

Akaiweka, sauti akaipunguza, akaenda zake kuoga. Nilikaa mahali pangu pa siku zote, na mahali pake pana mto wake. Nikasema kimoyomoyo, mimi nimemsamehe yule kijana, na kwa upande wa Humaid sina amri. Kisha mchezo ukanichukua. Sijui niseme vipi, ukanichukua kidogo kidogo kama usingizi. Tuko nyuma, wenzetu wawili wako njiani wanangoja mtu wa kuwarudisha, na anayeingia kupiga ni nani, ni yule yule kijana mrefu, na Bi Thuraya, aliupiga mpira ule ukapanda ukapanda ukatoka nje ya uwanja, wote watatu wakarudi, na mimi nikajikuta nimesimama, mikono juu, ushungi umedondoka, nimepiga ukelele, "Humaid! Msamehe! Umemwona? Humaid, msamehe!" na nimegeuka upande wake ninacheka, nimtazame anavyojikaza asitabasamu. Palikuwa na mto tu.

Nilipoinua macho Hamda yuko mlangoni, msahafu ameukumbatia kifuani.

"Ya Rabb," akasema. "Nilidhani umepatwa na wazimu, kumbe umepatwa na furaha."

"Wifi, nilisahau."

"Umesahau nini?"

"Nimesahau kama amekufa."

Ningesema chochote kingine. Ningesema shetani kanipitia. Lakini ndivyo ilivyokuwa na ndivyo nilivyosema.

"Umesahau!" akasema. "Mie kila nikifumbua jicho ndilo la kwanza ninalolikumbuka, na wewe mkewe umesahau! Kaka yangu mchanga wake haujakauka, wewe unawarukia wanaume kwenye tivii na unalitaja jina lake unacheka. Khalas. Eda yako imevunjika. Anza moja."

Maram alikuwa ametoka kuoga, akaingilia, "La, shangazi, hakuna kitu kama hiyo, eda haianzi tena."

"Wewe nyamaza. Mimi nimeikaa. Najua."

Na kweli ameikaa. Hamda aliolewa huko Manah, karibu na Nizwa, mumewe akafa kwa ajali ya gari, Yazeed mwanawe bado ananyonya, na alipokuwa eda, imebaki kidogo amalize, ikapita harusi na ngoma zake njiani, naye msichana, akaenda mlangoni kuchungulia, mama mkwe wake akamwona, akamwambia eda imevunjika, arudi ndani aanze upya, na akaanza, akaikaa yote tangu mwanzo, chumba kimoja, vioo vimefunikwa, hata mwezi hatazami. Sisi wakati huo tuko Marekani, barua ilipotufikia ameshaingia ile ya pili, Humaid ana mitihani, tukamwandikia tukampa pole. Tangu tuliporudi Oman hajapata kuyataja mambo yale wala sisi hatukumchokoza.

Basi Ijumaa ile akampigia simu Yazeed aje amchukue. Yazeed alipokuja baada ya sala akashangaa, mimi nimejifungia, Maram analia, mama yake ameshafunga mkoba. Amenipikia chakula changu cha mchana, amekifunika, kisha akapanda gari wakashika njia ya Bidbid kurudi Nizwa bila ya kuniaga. Nampigia hapokei. Namtumia ujumbe, anausoma, hajibu. Na yeye ndiye wa kunitoa eda, kwetu wifi mtu ndiye anayemkogesha kizuka na kumvisha nguo mpya na kumfukiza udi, na nguo yenyewe ameshaishona kwa mkono wake, nilimwona akiishona ukumbini akidhani nimelala. Siku ile ikifika asiwepo, jamaa wote wa Ibra na wa Sur watauliza kulikoni, na mimi niwaambie nini, niwaambie besiboli?

Wala si watu tu. Huyu ni mtu niliyekuwa naye dawati moja skuli Unguja, mchezo ule wa kibao tulikuwa tukicheza pamoja na alikuwa akinishinda mbio, na tulipohamia sote huku yeye ndiye aliyenipeleka kwao nikaonekana na kaka yake. Alipokuwa akija kututembelea akitukuta mbele ya tivii alikuwa akipita moja kwa moja jikoni, anasema, "Hayo ya Wazungu mie siyajui," na sisi tukicheka tukiendelea. Sikumbuki nyumba yangu bila ya Hamda ndani yake. Nikimkosa na yeye baada ya Humaid, sijui nitabaki na nani anayenijua.

Basi niambie. Eda yangu imevunjika kweli, nianze moja? Na mpira niuache, maana timu inacheza kila siku na kila alfajiri mkono unakwenda wenyewe kwenye rimoti nauzuia? Na la tatu ambalo sijamuuliza mtu, hata Maram. Nimelia miezi mitatu, lakini alfajiri ile mume wangu hakuwa amekufa. Ni mke gani anayesahau jambo kama hilo?

Kizuka, Ibra

*

Marahaba, mdogo wangu, maana kwa hesabu ya barua yako nimekutangulia. Mungu amrehemu Humaid na akupe subira.

Sikucheka, ila mahali pamoja. Wee bibi! Umebadilisha majina, umeficha timu, kisha ukaniandikia kwamba mji mzima wa Ibra mashabiki wa mchezo huo mlikuwa wawili. Sasa nani atashindwa kukujua? Siku nyingine ukitaka kujificha, jifiche vizuri. Tuendelee.

La eda kwanza, kwa kuwa ndilo jepesi. Mimi si mwanachuoni na sitoi hukumu kwa kalamu ya gazeti. Nimemuuliza Ustadha Ghadeer, anayewasomesha wanawake hapa Nizwa, naye alinijibu kabla sijamaliza. Eda haivunjiki kwa kutazama mpira wala haianzwi upya kwa ukelele. Siku zake zinakwenda zenyewe tangu siku mume alipofariki, kizuka acheke au alie. Wajibu wako ni kukaa nyumbani kwako na kujiweka mbali na mapambo, manukato na mambo ya posa, na hayo unayafanya. Nikamuuliza, na furaha? Akasema furaha haina lango la kufungwa. Ukelele, akasema, aupunguze, na hapo yeye ndiye aliyecheka. Basi hesabu yako ni ile ile, usirudi nyuma hata siku moja.

Sasa hilo la tatu, ulilolificha mwisho kama mtu anayeficha donda kwa kanga. Mke gani anayesahau? Mke aliyezoea kuwa na mume. Umesema umesahau, na hilo nalikataa. Ulisahau kaburi tu. Yeye mwenyewe ulikuwa naye kuliko siku yoyote tangu azikwe, ukamgeukia umpe habari njema, na mtu hamgeukii aliyemsahau. Mimi wangu amekufa zamani, na mpaka leo nikenda kununua samaki natafuta mwenye kichwa kikubwa, kwa sababu kichwa alikuwa akila yeye. Muuza samaki ananitazama nimesimama na samaki mkononi kama mpumbavu. Nilizoea kujilaumu, siku hizi namnunua huyo samaki na kichwa nakila mwenyewe. Kwa hiyo usinililie tena juu ya hilo. Kilichokuumiza si kusahau, ni kukumbuka tena baada yake, na hiyo ndiyo huzuni yenyewe, haina njia ya mkato.

Na mpira utazame. Kwa nini uuache? Umeondokewa na mtu wa kutazama naye, usijiondolee na cha kutazama. Weka sauti chini, funga ushungi vizuri, na ukitaka kulia katikati ya mchezo, lia. Nasikia timu yenyewe inafaa kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo ninapokunja uso. Barua yako ndefu, mdogo wangu, na mpira umekula ukurasa baada ya ukurasa. Najua rangi ya chepeo, namjua mzee wa redio, najua ni nani kaudondosha mpira mwaka jana. Hamda umempa kipande, tena umekiandika mbio mbio. Nimekisoma mara nyingi kuliko ulivyokiandika. Hebu na wewe kisome.

Msichana, mume amekufa, mtoto ananyonya. Anafungiwa chumba kimoja, anakaribia kutoka, anachungulia ngoma ya harusi, anarudishwa mwanzo. Na kaka yake, mtu wake pekee wa kusema "mwacheni dada yangu," yuko ng'ambo ya dunia. Kitu gani kinamweka huko? Mitihani, sawa. Na jioni? Jioni amekaa uani kwa jirani na mkewe wanasikiliza besiboli. Mitihani hukuipanga wewe na safari haikuwa mikononi mwako, sikulaumu kwa hilo. Lakini usiniambie hukuona. Mchezo ambao kwako ni ujana na mvua na mume mpya, kwake yeye ndio uliokuwa ukichezwa wakati alipoita na hakuna aliyekuja. Kisha mkarudi, mkaja nao, mkauweka katikati ya ukumbi, na kila akiingia mkamwacha apite jikoni. Mtu aliyekuwa akikushinda mbio! Ungemweleza kwa kikombe kimoja cha chai angeufahamu mchezo wote. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wenu aliyemwambia, "Kaa hapa."

Wahenga wamesema, mwenye kovu usidhani kapoa. Alipokwambia "anza moja" hakuwa anakutukana. Alikupa sheria aliyoilipia. Na aliposema kila akifumbua jicho ndilo la kwanza analolikumbuka, alikuwa anakwambia jambo jingine: wewe unacho cha kukaa nacho alfajiri na Humaid, yeye hana. Hana mchezo, hana chepeo, hana kicheko chenu. Ana nguo anayokushonea wewe.

Sasa tumia akili, maana sheria iko upande wako, na hapo ndipo pa hatari. Ukimwendea Hamda na maneno ya Ustadha Ghadeer mkononi, utakuwa umeshinda, na utakuwa umemwambia kwamba miezi ile ya pili aliyofungiwa Manah, mtoto kifuani, vioo vimefunikwa, haikuwa na lazima yoyote. Kwamba angetoka. Kwamba alidanganywa, na hakuna aliyemtetea. Ukweli huo lazima ataujua, ni haki yake, lakini usiwe jiwe la kumpiga nalo ili wewe utazame mpira kwa raha. Na huyo Maram wako, namjua ingawa hatujapata kuonana, ameshaanza kutafuta fatwa kwenye simu ili aitupe kwenye grupu la ukoo. Mzuie leo hii. Mwambie nimesema mimi.

Ustadha Ghadeer nilimsimulia na hilo, bila ya majina. Akasema, mwanamke aliyekaa kwa kudhani anamtii Mola wake, inshallah Mola hakumpotezea malipo yake, na yeye yuko tayari kumwambia mwenyewe, uso kwa uso, siku Hamda atakapouliza. Atauliza. Watu wa namna yake huuliza wakishapata pa kuegemea. Kazi yako ni kuwa hapo pa kuegemea, mengine mwachie Ghadeer.

Basi mpigie. Hapokei? Mpigie Yazeed, mwambie ampe mama yake simu na atoke nje. Akipokea, usianze na eda, usianze na besiboli, wala usianze na "nisamehe," maana ukiomba msamaha kwanza itambidi akupoze wewe, na ameshakupoza vya kutosha tangu siku ya maziko. Anza kwa kumuuliza, "Wifi, ulipokaa eda Manah, nani alikaa na wewe?" Kisha funga mdomo. Usijitetee, usitaje mitihani, usitaje barua mliyoandika. Akikaa kimya, kaa kimya naye. Akilia, mwache alie mpaka amalize, hata chakula kiungue. Akimaliza ndipo umwambie kwamba unamtaka arudi kwako, unamtaka yeye na si mwengine akutoe, na kwamba kuna mambo ya kaka yake asiyoyajua na wewe unataka kumhadithia. Kama atataka kukaa nawe alfajiri mbele ya tivii, msogezee nafasi. Asipotaka, izime ukae naye.

Jibu hili nimekutumia wewe kwanza. Halendi gazetini mpaka umeshasema na Hamda, na mpaka Hamda mwenyewe amelisoma na kuniambia litoke. Akikataa nitalichana, na wasomaji wangu watapata kitu kingine cha kusoma.

Bi Thuraya

Nyongeza: Hamda amelisoma. Amesema lichapwe lilivyo, kwani huenda mahali fulani yuko mwanamke ameambiwa aanze moja.